Gumba linaruka mara ngapi? Kuchagua kipimo cha misuli iliyolegezwa

Mwenzangu wa hospitali moja ndogo upande wa barabara ya Pangani alinipigia simu juzi. Wamepata fungu la vifaa, wana meza mbili za upasuaji, na mganga mfawidhi kamwambia aorodheshe mahitaji ya usingizi kabla ya Ijumaa. "Dada, kile cha kupima dawa ya kulegeza misuli nichukue kipi? Naona kipo cha bei rahisi, kipo cha bei ya kati, na kipo cha kuchomeka kwenye monita." Nilimjibu nikiwa nimesimama Ngamiani, hapa Tanga mjini, daladala zinapiga honi na mimi nadai chenji yangu kwa muuza vitumbua, kwa hiyo nusu ya maneno yangu nadhani yaliishia hewani. Jibu lenyewe ni hili.

Tuanze na tunachokipima. Dawa ya kulegeza misuli haimlazi mtu wala haimwondolei maumivu. Inakata mawasiliano kati ya neva na msuli, basi. Tumbo linalainika, daktari anapata nafasi ya kufanya kazi, na mashine inampumulia mgonjwa. Harold Griffith na Enid Johnson ndio walioingiza kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, kwenye chumba cha upasuaji kule Montreal mwaka 1942. Tangu siku hizo mwisho wa kila upasuaji una swali moja gumu: dawa imeisha, au imebaki kidogo? Hiyo "kidogo" ndiyo inayotusumbua. Mgonjwa aliyelegea kabisa kila mtu anamwona. Aliyelegea robo anadanganya.

Macho na mkono

Njia hii ni ya bure na ndiyo tuliyofundishwa wengi wetu. Mgonjwa anapumua mwenyewe, mfuko unajaa vizuri, anafumbua macho. Unamwambia nyanyua kichwa, unahesabu moja mpaka tano. Nibane mkono. Amebana. Tyubu ya kupumulia inatoka kooni.

Miaka kadhaa nyuma, nikifanya kazi kwingine, alikuja mzee mmoja mvuvi, ngiri imebana, tumbo gumu kama ubao. Tulimpa pankuroniamu, dawa ya kulegeza inayokaa muda mrefu, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo kabatini. Karibu na mwisho daktari akalalamika kwamba misuli inamkazia sindano, nami nikaongeza kidogo. Kosa langu, nalitaja. Dakika kumi na tano baadaye, "Sista, nimefunga." Nikachoma neostigmini, dawa ya kurudisha nguvu ya misuli, na atropini ya kulinda mapigo ya moyo, nikangoja dakika mbili tatu. Mzee akanyanyua kichwa, nikahesabu mpaka tano, nikaridhika. Nikatoa tyubu.

Nje mlangoni mwanawe alikuwa anasubiri. "Shikamoo sista. Baba vipi?" Marahaba mwanangu, baba salama. Kabla sijamaliza kuvua glovu, muuguzi wa chumba cha kuamkia ananiita. Mzee ametulia, hahangaiki hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Mate yanamchuruzika pembeni mwa mdomo kwa sababu hawezi kuyameza. Ananitazama, kope zimeshuka nusu, ananiambia kwa sauti ya puani, "Mwanangu, taa ziko mbili." Taa ilikuwa moja. Oksimita, kile kipimo cha oksijeni ya damu, ikashuka mpaka 88 huku oksijeni iko usoni. Tulimsaidia kupumua kwa mfuko na barakoa, mkono wangu ukafa ganzi, mpaka nguvu zikamrudia. Alipona, akarudi baharini. Mimi sikupona haraka hivyo.

Kilichotokea kinaeleweka. Kiwambo, ule msuli mkubwa wa kupumulia, ni sugu: unahitaji dawa nyingi zaidi kuushika, na dawa inauachia mapema. Misuli ya koo, ya kumeza na ya kuweka njia ya hewa wazi, ni legevu zaidi na inarudi mwishoni. Ndiyo maana mtu anapumua vizuri tyubu ikiwa ndani, na tyubu ikitoka koo linaporomoka. Kunyanyua kichwa nako hakusaidii kama tulivyodhani. Watu wazima wenye afya, waliojitolea kulegezwa kidogo wakiwa macho, waliweza kunyanyua kichwa kwa sekunde tano hata kipimo chao cha mashine kikiwa bado karibu asilimia 60. Tunahitaji angalau 90.

Kwa hiyo macho na mkono yabaki, ila kama nyongeza. Miongozo ya mwaka 2023, ya Marekani na ya Ulaya, haikubali tena yategemewe peke yake.

Kichochea neva cha kawaida

Hiki ndicho cha bei rahisi. Ni kiboksi cha kushika mkononi, betri ndani, nyaya mbili, vitufe vichache. Unabandika viwili vya vile vibandiko vya ECG, vya kupimia moyo, kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole cha mwisho, juu ya neva ya alna. Waya mweusi unakaa karibu na kiganja, mwekundu juu yake kuelekea kiwiko. Ukibonyeza, umeme mdogo unapita, na gumba linaruka kuelekea kiganjani.

Mpangilio unaotumika zaidi ni wa mipigo minne ndani ya sekunde mbili, uliotangazwa mwaka 1970. Kwenye kiboksi umeandikwa TOF. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa anajilinganisha na nafsi yake: mpigo wa nne unapimwa kwa wa kwanza. Dawa ikiwa nyingi, miruko inafifia na kupotea mmoja mmoja kutoka nyuma. Wa nne ukipotea, nguvu imeshapungua kwa karibu asilimia 75. Wa tatu, karibu 80. Wa pili, karibu 90. Kwa upasuaji mwingi wa tumbo, gumba likiruka mara moja au mbili inatosha. Daktari akilalamika wakati huo, tatizo si dawa ya kulegeza. Huenda usingizi wenyewe ni mwepesi, au mkato ni mdogo kuliko anavyotaka kukiri.

Gumba lisiporuka kabisa, kuna kitufe kingine. Unachochea mfululizo, mara 50 kwa sekunde, kwa sekunde tano, unatulia sekunde tatu, halafu unapiga mpigo mmoja mmoja na kuhesabu miruko inayojitokeza. Michache maana yake safari bado ndefu. Ni kama kuchungulia kisima kirefu kwa kutupa kokoto.

Kwa mazingira yetu kiboksi hiki kina faida ambayo vitabu huitaja kwa mstari mmoja tu. Suksametoniamu, dawa ya kulegeza ya muda mfupi, tunaitumia sana, hasa kwa dharura. Kwa kawaida inaisha ndani ya dakika kumi. Wapo watu wachache ambao damu yao haina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, na hao hubaki wamelegea kwa saa kadhaa. Bila kiboksi utakaa unajiuliza kama mgonjwa amezidiwa na usingizi au ana shida ya ubongo. Ukiwa nacho, unabonyeza: gumba kimya. Basi, unaendelea kumpumulia na kumlaza, na huna haja ya kuanza kupiga simu ovyo.

Sasa ubaya wake, na hapa nimsihi mwenzangu asome taratibu. Kiboksi hiki kinachochea tu. Anayepima ni jicho lako au kidole chako. Na jicho la binadamu, hata la mzoefu wa miaka ishirini, haliwezi kuona kufifia pale mpigo wa nne unapozidi asilimia 40 ya ule wa kwanza. Kati ya 40 na 90 yote inaonekana sawa: miruko minne mizuri, imara, inayofanana. Ipo mbinu ya mafungu mawili ya mipigo, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, inayokusogeza mpaka karibu 60. Inasaidia, ila bado hujafika. Mzee wangu yule, hata kama ningekuwa na kiboksi hiki, yawezekana gumba lake lingeruka mara nne safi na bado ningetoa tyubu.

Nimeona pia wenzetu wakibandika usoni kwa sababu mikono imefunikwa na shuka za upasuaji. Nyusi zinacheza, wanafurahi. Misuli ya uso inarudi mapema kuliko gumba na koo, hivyo unajipa matumaini ya bure. Mkono ukifichwa, heri usubiri mwisho, uutoe, upime gumbani.

Kinachopima mchapuko

Hiki ndicho cha bei ya kati, na ndicho ninachokipigia debe. Kinachochea neva ile ile kwa vibandiko vile vile vya ECG, ila juu ya gumba unafunga kihisio kidogo. Fizikia yake ni ya sekondari: nguvu ni tungamo mara mchapuko. Tungamo la gumba halibadiliki, hivyo mchapuko ukipungua, nguvu imepungua. Kioo kinakuandikia namba. 35. 62. 91. Jicho linastaafu.

Ile namba ndiyo tofauti ya dunia mbili. Kwa kiboksi cha kwanza unasema "naona kama sawa". Kwa hiki unasema "ni 72, tungoje", na daktari aliyekunja uso mlangoni hana la kubishana na kioo.

Kina tabia zake, na usipozijua utakichukia. Lazima gumba liwe huru, kiganja kimetazama juu, vidole vingine vimefungwa kwa plasta kwenye ubao wa mkono. Gumba likigusa shuka, au mtu akiegemea, namba inaruka kama bei ya nyanya. Usikiweke mkono uliofungwa presha. Washa na upime mgonjwa akishalala lakini kabla ya kulegezwa, kwanza kwa sababu umeme huo unauma kwa mtu aliye macho, pili kwa sababu unahitaji namba ya mwanzo. Na hiyo namba ya mwanzo mara nyingi inazidi 100. Usishtuke. Ikiwa ilianza 110, basi 90 utakayoiona mwishoni si 90 ya kweli. Gawanya, utapata kama 82. Wasiopenda hesabu wangoje ifike 100 ndipo watoe tyubu.

Hapa pwani kuna na letu. Wagonjwa wetu wengi, hasa akina mama, wanakuja wamejipaka mafuta ya nazi mpaka ngozi inang'aa, na kibandiko hakishiki. Futa kwa spiriti, ngoja pakauke, ndipo ubandike. Bi harusi mwenye piko kwenye kucha anaweza kukusumbua kwenye oksimita ya kidole. Gumba linaloruka halina habari na piko. Pakiti ya vibandiko ukiifungua na kuiacha juu ya meza, ile jeli inakauka, halafu unailaumu mashine. Na kiyoyozi, pale kinapofanya kazi, kinaupoza mkono: gumba la baridi linaruka kivivu hata kama dawa imeisha. Ufunike mkono, uache gumba tu nje.

Kwa betri zake kinafanya kazi umeme ukikatika, na kinahama kutoka meza moja kwenda nyingine mfukoni mwa gauni. Kinachokufa kwanza ni waya wa kihisio, pale unapokunjwa kila siku.

Kinachosoma umeme wa msuli

Hiki hakijali gumba limesogea au halikusogea. Kinasikiliza umeme wa msuli wenyewe baada ya neva kuchochewa, kwa hiyo mikono hata ikifungwa pembeni mwa mwili na kufunikwa, kinaendelea kusoma. Namba yake ya mwanzo haizidi 100 kiajabu kama ya yule mwenzake. Kwa usahihi tu, ningekiweka mbele.

Lakini vingi vya aina hii vinataka vibandiko vyao maalumu, mkanda mzima wa mkono, wa kutumia mara moja na kutupa. Nimewahi kuona mashine nzuri ya aina nyingine kabisa imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti kwa sababu vifaa vyake vya kutupa viliisha na havikuagizwa tena. Mashine ya kukata kwa umeme nayo ikiwaka, kusoma kunavurugika mpaka izimwe. Kwa hospitali kubwa yenye upasuaji wa matundu kila siku na bohari inayojaa, chukueni hiki. Kwa meza mbili za barabara ya Pangani, bado.

Kile cha ukanda unaokaa kati ya gumba na kidole cha shahada huuzwa kama sehemu ya monita fulani; huna monita hiyo, huna kifaa. Na kile kinachopima nguvu yenyewe ya msuli, ambacho vingine vyote hupimwa kwacho, ni cha watafiti.

Kipimo na dawa ya kurudisha ni ndugu

Mwenzangu aliniuliza pia, kama mnavyouliza wengi: kwani neostigmini si tunampa kila mgonjwa, kipimo cha nini tena?

Neostigmini ina kikomo. Haifukuzi dawa ya kulegeza, inaongeza tu kemikali ya neva ili ishindane nayo, na kuna mahali haiwezi kuongeza zaidi. Ukiichoma gumba likiwa linaruka mara moja, umeitupa. Ngoja miruko minne. Hata hapo, nguvu yake kamili inakuja karibu dakika kumi baadaye, na kufika 90 kunaweza kuchukua zaidi. Ile desturi yetu ya kuchoma, kufyonza mate na kutoa tyubu ndani ya dakika mbili tatu, niliyoifanya kwa mzee wa watu, haina msingi wowote. Kwa mtu wa kilo 60 nampa miligramu 3, pamoja na atropini, na sizidishi miligramu 5 kwa mgonjwa yeyote.

Sugamadeksi, dawa nyingine ya kurudisha, inakamata dawa ya kulegeza yenyewe na kuifungia. Ni ya kasi kweli. Kati ya dawa za kulegeza, inafanya kazi kwa rokuroniamu na vekuroniamu. Kwa atrakuriamu haina msaada. Nayo dozi yake inategemea gumba: miligramu 2 kwa kilo ikiwa miruko miwili imerudi, 4 ikiwa ulegevu bado ni mzito. Bei yake kwa mifuko yetu mnaijua. Kwa hiyo hata mwenye sugamadeksi hajaepuka kipimo.

Msitegemee saa ya ukutani pia. Mama wa kifafa cha mimba aliyepewa magneziamu salfeti, ikabidi alazwe usingizi kamili, dozi ile ile ya vekuroniamu itamkaa muda mrefu zaidi. Gentamaisini inaongeza, baridi inaongeza, figo mbovu zinaongeza, gesi za usingizi kama halotheni na aisoflureni zinaongeza. Atrakuriamu inajivunja yenyewe kwa joto na hali ya damu, hivyo ni rafiki wa wenye figo mbovu, ila inataka friji, na friji inataka umeme. Vekuroniamu ni unga, inakaa kabatini hata joto la Februari likiwa limetuandama. Mgonjwa mmoja anaweza kubeba matatu kati ya haya kwa pamoja. Hesabu ya dakika hapo utaipatia wapi?

Andika hivi

Ukiwa na fedha ya viboksi vitatu vya kawaida, au kimoja cha kupima mchapuko na kimoja cha kawaida, chukua hivyo viwili. Najua mhasibu atauliza kwa nini vipungue. Mwambie vitatu vyote vina upofu mmoja. Mgonjwa wa meza ya kwanza na wa meza ya pili ni nadra kutolewa tyubu dakika ile ile. Kifaa cha namba kitawahi kwa wote wawili. Cha kawaida kinakaa kwa ajili ya katikati ya upasuaji, kwa suksametoniamu, na siku ile mwenzake atakapoharibika.

Fedha ikitosha kiboksi cha kawaida tu, kichukue, kwa masharti. Pankuroniamu iache kabatini. Usiongeze dozi robo saa kabla ya kufunga. Neostigmini baada ya miruko minne, halafu subiri dakika kumi kamili, huku usingizi ukiwa bado umeuweka ili mgonjwa asije akaamka amelegea, kwani hiyo ni jehanamu ndogo. Na panapofaa ganzi ya mgongo, piga ganzi ya mgongo.

Kwenye fomu, chini ya kifaa chenyewe, ongeza mistari mitatu ambayo watu huisahau: waya wa kihisio wa akiba, betri za aina inayopatikana madukani Tanga mjini, na vibandiko vya ECG katoni nzima. Muulize muuzaji kabla hujasaini kama kinatumia vibandiko vya kawaida. Akijikanyaga kwenye jibu, hamia kwa mwingine.

Na kikifika, usikiache kwenye boksi kikisubiri semina. Njoo nacho kwangu Jumamosi, tukijaribu kwenye mkono wangu kwanza, kwa umeme mdogo. Kinauma kidogo, lakini utaliona gumba likiruka mara nne, na utajua namba ya mtu ambaye hajalegezwa inafananaje.